Watazamaji 219 kwa siku wanamtosha muuza dagaa wa Mwaloni

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu hii tupinge ushauri ambao vijana wa Kanda ya Ziwa wanapewa kila kukicha na magazeti, redio na semina za ujasiriamali: kwamba anayetaka video yake isambae aposti mara tatu kwa siku, aweke wimbo unaotrendi, abandike alama za reli (#) thelathini, kisha asubiri bahati. Kazi yetu ni kupiga na kuhariri video za wafanyabiashara wadogo jijini Mwanza, na tunaona ushauri huu unawamalizia watu bando bila kuwaletea wateja. Unachanganya mambo mawili yenye kanuni tofauti: video kusambaa, na video kuendelea kutafutwa miezi baada ya kelele kuisha.

Tuanze na hesabu. YouTube humruhusu mwenye chaneli kugawana mapato ya matangazo akifikisha wafuatiliaji 1,000 pamoja na kimojawapo kati ya viwili: saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kutazamwa mara 10,000,000 kwa video fupi za Shorts ndani ya siku 90. Wengi hukimbilia njia ya pili kwa kuwa video ni fupi na inaonekana rahisi. Gawanya milioni 10 kwa siku 90. Unapata zaidi ya mara 111,000 kila siku, miezi mitatu mfululizo, bila kupumzika hata Jumapili.

Sasa tazama njia ya kwanza. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video ya dakika 6 ambayo mtu anaiacha katikati inakupa dakika 3, kwa hiyo unahitaji itazamwe mara 80,000 kwa mwaka, ambazo ni kama 219 kwa siku. Mwenye video 40 kwenye chaneli anahitaji kila moja ifunguliwe mara tano au sita tu kwa siku. Hakuna atakayesema video inayofunguliwa na watu sita kwa siku imetrendi. Lakini watu hao sita wameifungua kwa sababu wana swali, na mwenye swali la bei au ubora wa dagaa yuko hatua moja kabla ya kununua. Angalizo moja: muda unaotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hauingizwi kwenye zile saa 4,000, kwa hiyo usizichanganye unapopiga hesabu zako.

Hatusemi kusambaa hakuna maana. Kuna faida yake, na kuna namna yake, ambayo mitandao yenyewe haikuificha sana. TikTok ilieleza Juni 2020 kwamba mtu kuitazama video ndefu mwanzo hadi mwisho ni ishara nzito, ilhali mtazamaji na mwenye video kuwa nchi moja ni ishara hafifu, na kwamba idadi ya wafuasi haiingii moja kwa moja kwenye hesabu ya kuamua nani aonyeshwe nini. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alitaja Januari 2025 mambo matatu yenye uzito mkubwa: muda wa kutazama, laiki, na video kutumwa na mtu kwenda kwa mtu. Laiki, alifafanua, husaidia zaidi kwa wafuasi ulio nao tayari. Kutumwa ndiko kunakokufikisha kwa wasiokujua. YouTube nayo tangu 2012 iliacha kutanguliza idadi ya mibofyo ikahamia kwenye muda wa kutazama.

Ukiyaweka hayo pamoja, utaona kwamba laiki, ambayo ndiyo inayoombwa kwa sauti kubwa kuliko vyote, ina nguvu ndogo kwa mtu anayetafuta wateja wapya. Namba ya watazamaji nayo isikulevye: tangu 31 Machi 2025, YouTube huhesabu Shorts kila inapoanza kucheza au kujirudia, hata kama mtu ameipita kwa kidole bila kuiangalia. Kwenye mapato wanatumia hesabu nyingine, kali zaidi.

Wasukuma walikuwa na kipimo hiki cha kuwashika watazamaji kabla ya simu. Katika mashindano ya ngoma kati ya jumuiya mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, ambayo huonekana hadi leo kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora, Kisesa, mwezi Juni, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na uwanja wake, na mshindi ni aliyevuta umati mkubwa. Mtazamaji hakati tiketi ya upande wowote. Akichoka anavuka kwenda kwa wapinzani. Kundi linaweza kuleta chatu na watu wakakimbilia kumwona, lakini chatu akishaonekana ameonekana. Kinachowafanya wasiondoke ni manju, kiongozi wa ngoma, na wimbo wake, na wimbo huo ndio wanaorudi nao nyumbani.

Sasa tuone namna ya kuwashika watu kwa vitendo. Chukua muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Wateja wake, kuanzia wa Dar es Salaam hadi wa Kongo, wana hofu moja: mchanga. Video yake inaweza kuwa ya sekunde 30 kwa mpangilio huu. Sekunde mbili za kwanza, mkono unamwaga konzi ya dagaa kwenye bakuli la kioo lenye maji safi, na maandishi makubwa juu yanauliza, “Hawa wana mchanga?” Hadi sekunde ya nane maji yanakorogwa taratibu kwa kidole, kamera ikiwa usawa wa kitako cha bakuli. Hadi ya kumi na tano tunaona mchanga ukitua chini, bila maneno. Kisha bakuli la pili linaletwa, la dagaa waliokaushwa juu ya chanja badala ya mchangani. Wanakorogwa vilevile, magamba machache yanaelea, chini hamna kitu. Sekunde nne za mwisho sauti inasema: “Ukienda sokoni, beba chupa ya maji.” Basi.

Hamna “habari zenu wapendwa, karibuni tena katika ukurasa wetu”. Salamu ni adabu tunaposhikana mikono. Kwenye simu inakula sekunde nne ambazo mtu hajakupa bado. Kosa la pili ni kutoa jibu mapema: ukiandika kwenye sekunde ya kwanza “dagaa wa chanja hawana mchanga”, mtu ameshajua, anaondoka. La tatu ni kurefusha. Jambo la nusu dakika likivutwa hadi dakika moja na nusu, wanaofika mwisho hupungua, na pamoja nao ile ishara nzito inapotea.

Ufunguo wa kujua kosa liko wapi ni grafu ya muda wa kutazama, inayoonyesha ni watu wangapi bado wanatazama kila sekunde, ambayo YouTube, TikTok na Instagram zinakupa bure kwenye sehemu ya takwimu, na ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua. Mstari ukiporomoka ndani ya sekunde tatu za kwanza, tatizo ni mwanzo: picha ya kwanza haisemi kitu, au maandishi ni madogo. Ukishuka polepole kama mteremko wa kawaida, video ni nzima, iache. Ukikatika ghafla katikati, nenda kwenye sekunde hiyohiyo utazame ulichofanya. Mara nyingi utakuta umetoka kwenye mada, umeweka nembo, au umeanza kuomba watu wakufuate. Ukiona kinundu, mstari umepanda tena, hapo watu wamerudi nyuma kutazama upya. Sehemu hiyo ikate uifanye mwanzo wa video inayofuata. Hatujui zana nyingine inayofundisha haraka kama hiyo.

Kwa nini mtu amtumie mwenzake? Utafiti wa Jonah Berger na Katherine Milkman, uliochapishwa 2012, ulipitia karibu makala 7,000 za gazeti la The New York Times na kukuta kwamba zilizosambazwa zaidi ni zile zinazoamsha hisia za kuchemka: mshangao wa kustaajabu, hasira, wasiwasi. Huzuni, ambayo humfanya mtu akae kimya, ilipunguza kusambazwa. Wakaona pia kwamba makala yenye manufaa ya vitendo husambazwa zaidi. Kwa mfanyabiashara hilo la mwisho ndilo la kushika. Video ya bakuli la maji inatumwa na dada mtu kwenda kwa shemeji yake anayesafiri kesho kuja Mwanza, ikiambatana na maneno “uone hii kabla hujanunua”. Kabla ya kupiga video yoyote, jaza sentensi hii: “Fulani atamtumia fulani kwa sababu…” Ikikushinda kujaza, hiyo video itapata laiki za ndugu na majirani tu.

Hasira ni njia ya mkato, nasi hatuishauri. Inasambaa kweli, lakini waliokufuata kwa ugomvi wanataka ugomvi mwingine wiki ijayo. Uongo nao una miguu: utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la Science, uliofuatilia habari zipatazo 126,000 kwenye Twitter kati ya 2006 na 2017, ulikuta habari za uongo zina uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya kuliko za kweli. Kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa hili si jambo la nadharia. Picha za ajali ya kivuko cha MV Nyerere ya 20 Septemba 2018 zikitumwa leo bila tarehe, usiku wa upepo mkali, kuna familia Ukerewe haitalala. Yeyote anayepiga video ya tukio ziwani aandike tarehe na mahali ndani ya picha yenyewe, si kwenye maelezo ya chini, kwa sababu maelezo hubaki nyuma video inapopakuliwa na kutumwa upya.

Hapo tumefika WhatsApp, ambako video nyingi huishia. Watu hudhani kusambaa ni mtu kumtumia mtu, naye mwingine, hadi nchi nzima ione. Uchunguzi uliochapishwa 2016, wa takriban machapisho bilioni moja ya Twitter, ulionyesha vingine: vilivyofika kwa watu wengi kwa kawaida vilitegemea sana wenye hadhira kubwa kuvirusha kwa wengi kwa mpigo, kuliko mnyororo mrefu wa mmoja kwa mmoja. WhatsApp yenyewe imeubana huo mnyororo. Tangu 2019 ujumbe unasambazwa kwa mazungumzo yasiyozidi matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe ambao umeshapita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, unatumwa kwa mazungumzo mamoja tu kila mara. Kwa hiyo muuza dagaa asitegemee mnyororo. Atafute vituo: kundi la wasafirishaji mizigo, kundi la mama lishe, ukurasa wa habari za Mwanza unaofuatwa na wengi, mtangazaji wa redio ya hapa. Kundi moja la WhatsApp huchukua hadi watu 1,024. Vituo vitano vilivyochaguliwa vizuri vina watu wengi kuliko wafuasi wa kurasa nyingi za biashara tunazoziona.

Kuna ufundi mdogo hapo. Video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Ukimtumia mwenye ukurasa ili aiposti, itume kama waraka (document), ndipo itafika kama ilivyo. Jina la duka na mahali lilipo viandikwe ndani ya picha, theluthi ya juu. Sehemu ya tano ya chini ya skrini isiwekwe kitu, kwa sababu ndipo TikTok na Reels, video fupi za Instagram, hubandika jina lako na maelezo; tumeona bei nyingi zikizikwa hapo. Na usichukue video yenye chapa ya TikTok ukaipeleka Instagram: tangu Februari 2021 Instagram ilisema wazi kwamba video zenye chapa ya programu nyingine hazitapendekezwa sana kwenye Reels. Hifadhi faili safi kabla hujaposti popote. Vipimo ni 1080 kwa 1920, simu ikiwa imesimama.

Alama za reli? Tatu au nne zinatosha: mahali, bidhaa, na swali. Hakuna mteja anayekaa chini kutafuta #fyp, ile alama ya kuombea video isambae.

Upigaji wa picha kando ya ziwa una matatizo yake ambayo mafunzo ya mtandaoni kutoka nje hayayataji. La kwanza ni jua. Mwanza tuko karibu sana na Ikweta, mchana jua linakaa juu ya utosi, na kofia inafanya macho yawe mashimo meusi. Piga kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. La pili ni maji yenyewe: ukisimama na ziwa nyuma yako, simu inaona mng’ao wa maji, inapunguza mwanga, na uso wako unakuwa kivuli. Bonyeza kidole kwenye uso katika skrini, ushikilie mpaka mwanga ujifunge, kisha uanze kurekodi. La tatu, na ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi, ni upepo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inavuta kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mchana ukiendelea kunakuwa na mngurumo kwenye kila neno. Rekodi asubuhi, upe upepo mgongo, maikrofoni ya kubana iwe kama sentimita 20 kutoka mdomoni na ivishwe kile kifuniko cha manyoya. Mtu huvumilia picha mbaya. Sauti mbaya haivumilii hata sekunde tano.

Ndani ya maduka yenye taa za umeme kuna tatizo la picha kumetameta mistari. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kama simu yako inakuruhusu kuweka mwenyewe kasi ya kufunga lenzi (shutter speed), weka 1/50 au 1/100, mistari itapotea.

Tuseme sasa video imeshika. Watu laki mbili wameiona ndani ya siku mbili. Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Wengine huifuta na kuiposti upya wakidhani itaanza tena. Haitaanza, na umeua maoni yote yaliyokuwa chini yake. Wengine hukaa kushangilia. Kazi ya siku tatu hizo ni hii: soma maoni yote, tafuta swali linalojirudia zaidi, lijibu kwa maandishi na ulibandike juu kabisa. Kisha piga video za kujibu maoni, TikTok ina kitufe chake, angalau tatu ndani ya wiki hiyo, kila moja na swali moja: Chanja inagharimu kiasi gani? Dagaa wakavu wanahifadhiwaje wasipate ukungu? Gunia linafikaje Dodoma? Ukurasa wako uwe tayari unasema unauza nini na uko wapi, maana wageni wanaupitia mara moja tu.

Kinachovunja ni pale mwenye ukurasa anapopata umaarufu kwa kitu kisichohusu kazi yake. Muuza dagaa akitrendi kwa kumtania mteja mlevi, anapata wafuasi 20,000 waliokuja kucheka. Wiki ijayo anaposti dagaa. Mitandao mara nyingi huanza kuwaonyesha baadhi ya wafuasi. Hawa wanapita kwa kidole, hesabu inasema video haipendwi, na haipelekwi kwa watu wengine ambao pengine wangelinunua lile gunia. Ukurasa unakuwa mzito kwa wingi wa watu wasiotakiwa. Kununua wafuasi huleta ugonjwa huohuo, ila kwa pesa yako mwenyewe.

Mfano mzuri wa aliyetrendi akadumu tunao nchini. Kili Paul wa Mkoa wa Pwani alijulikana 2021 kwa kuigiza kuimba nyimbo za Kihindi akiwa na dada yake Neema. Februari 2022 Ubalozi wa India ukamtunuku, na Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja redioni. Ukitazama kazi zake utaona nidhamu: mavazi ya Kimasai, mandhari ya kijijini, jambo moja, hadhira moja yenye sababu yake ya kutazama. Aliyeona moja alijua atapata nini kwenye ya pili.

Kudumu sasa. Video inayodumu inapatikana kwa kutafutwa, kwa hiyo kichwa chake kiwe maneno yaleyale ambayo mtu angeandika kwenye kisanduku cha kutafutia. “Maajabu haya, hutaamini!” hakuna anayeyatafuta. “Jinsi ya kutambua dagaa wenye mchanga” kuna anayeitafuta leo na mwakani. Andika herufi tatu za mwanzo za swali lako kwenye YouTube, usibonyeze, utazame mapendekezo yanayojitokeza: hayo ni maneno ya watu halisi. Yatumie kwenye kichwa, yaandike kwenye picha ya jalada kwa maneno yasiyozidi manne, na uyatamke ndani ya sekunde kumi za kwanza. Picha ya jalada ni 1280 kwa 720. YouTube wanasema nusu ya chaneli na video zote zina kiwango cha kubofywa kati ya asilimia 2 na 10, yaani kila picha ya jalada ikionyeshwa mara 100, inabofywa mara 2 hadi 10. Ukiwa chini ya 2 kwa wiki kadhaa, badili picha na kichwa kabla hujapiga video nyingine. Vyote viwili vinabadilishwa bila kugusa video.

Jambo lisilobadilishika ni lile ulilolitamka au kuliandika ndani ya picha. Tumesema video ya tukio iwe na tarehe ndani. Video ya kufundisha ni kinyume: bei isiingie ndani kabisa. Iweke kwenye maoni ya juu yaliyobandikwa, uibadilishe kila wiki. Ukitamka bei ya debe la dagaa kwenye video, umeipa uhai wa siku chache. Tazama Kigongo na Busisi, pande mbili za kivuko cha ziwani. Video zote zilizofundisha jinsi ya kuvuka kwa kivuko na kukwepa foleni zilizeeka 19 Juni 2025, siku Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilometa 3 lilipozinduliwa. Hakuna aliyekosea kuzitengeneza. Ila mwenye video hizo alipaswa siku hiyohiyo kubadili vichwa, kuandika juu kwamba njia ni ya daraja, na kuelekeza watu kwenye video mpya. Wasafiri wa Sengerema na Geita hawakuacha kutafuta. Swali lao ndilo lililobadilika.

Na maswali yanayorudi kwa ratiba ndiyo hazina ya ukanda huu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi husimama kwa siku kadhaa, mzigo unapungua, na bei inaanza kuulizwa. Mwezi huzunguka kwa takriban siku 29 na nusu, maana yake swali hilohilo linarudi mara 12 au 13 kwa mwaka. Video moja nzuri ya “kwa nini dagaa wamepanda bei wiki hii” inaweza kurudishwa kwenye stetasi kila mzunguko, ikiwa na maoni mapya juu yake. Weka kwenye kalenda pia Bulabo ya Juni, Nanenane pale Nyamhongolo, mvua za vuli zinazosumbua ukaushaji kuanzia Oktoba, na Januari ya ada za shule ambapo wateja hununua kidogokidogo. Iposti siku saba hadi kumi kabla, si siku yenyewe. Kutafuta huanza mapema, na video inahitaji muda ili ifahamike inahusu nini.

Mgawanyo tunaoupendekeza kwa mwenye biashara anayeweza kutengeneza video kumi kwa mwezi ni saba za kujibu maswali, mbili za msimu, moja ya kutafuta wageni. Anayefanya kumi zote za kutafuta wageni atachoka kabla ya Pasaka.

Sheria kwa kifupi, maana tunawaona vijana wakijipiga mtama wenyewe. Wimbo maarufu chini ya video ya biashara unaweza kufanya sauti izimwe, au mapato yaende kwa mwenye wimbo. Akaunti ya biashara ya TikTok ina maktaba yake ya muziki ulioruhusiwa, itumie. Sura ya mtu ni taarifa yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, kwa hiyo muulize mama anayeanika dagaa kabla hujamsogezea kamera usoni. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, hata kama wewe ulikuwa unatafuta kiki tu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa teknolojia unapoandika tena kuhusu video fulani iliyotazamwa na mamilioni, mwandishi amuulize mwenye video mambo matatu: asilimia ngapi walifika mwisho, wangapi waliituma kwa mtu mwingine, na miezi sita baadaye inatazamwa mara ngapi kwa siku. Wasomaji watajifunza zaidi hapo kuliko kwenye idadi ya mamilioni. Na video za gazeti lenyewe zinaanza kwa nembo inayozunguka kwa sekunde tano na muziki wa tarumbeta. Ihamishieni kona ya juu kushoto, iwe ndogo, habari ianze sekunde ya kwanza.

Wahariri wa video,
Kirumba, Mwanza